Mazoezi ya Mwili kwa Afya ya Maisha Yote: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu mzima asiye mwanamichezo: muuza duka, dereva, mwalimu, mama mwenye watoto wadogo, mstaafu. Hayahitaji jimu.

Mtu mzima anahitaji mazoezi kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki. Aliyetimiza miaka 65 anaongeza mazoezi ya kuzuia kuyumba na kuanguka, siku 3 au zaidi. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, na wakiachiwa uwanja, kamba na mpira wanazipata bila kuambiwa.

Kwa hesabu nyepesi: tembea haraka dakika 30, siku 5, na fanya misuli Jumanne na Ijumaa. Kama huwezi kufika huko, fanya unachoweza. Anayefaidika zaidi ya wote ni yule anayetoka sifuri na kupata dakika chache, kuliko anayetoka dakika 200 kwenda 250.

Nitajuaje kuwa mwendo wangu unatosha?

Ongea. Katika mazoezi ya wastani unaweza kumaliza sentensi, ila huwezi kuimba. Ukilazimika kuvuta pumzi kila baada ya maneno matatu, hayo ni makali. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo. Unaweza pia kuhesabu hatua kwa sekunde 15: zikifika 25 unakwenda hatua 100 kwa dakika, na kwa watu wengi huo ndio mwendo wa wastani.

Saa ya kupima mapigo ya moyo si lazima. Kwa anayetumia dawa za presha au moyo kama atenolo au propranolo inaweza hata kumpotosha, kwa sababu dawa hizo huyazuia mapigo yasipande hata anapojitahidi. Yeye ajipime kwa kuongea.

Kwa nini mnasisitiza kutokatisha? Siwezi kujituma mwezi mzima, kisha nikapumzika miezi miwili?

Huwezi, na sababu iko ndani ya msuli wenyewe. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Ukimaliza mazoezi, msuli unaendelea kuiitikia insulini kwa wepesi kwa muda wa kati ya saa 24 na 72. Baada ya hapo hali inarudi ilipokuwa. Ndiyo maana mwenye kisukari anashauriwa asipitishe zaidi ya siku 2 mfululizo bila mazoezi. Presha nayo hushuka kwa saa kadhaa baada ya kila zoezi, na ni mashuko hayo madogo yanayorudiwa rudiwa wiki baada ya wiki yanayoishusha presha ya kila siku. Mazoezi ya mwezi wa tatu hayafanyi kazi yoyote kwenye sukari ya mwezi wa sita.

Pumzi nayo haikawii kupotea. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano walilazwa kitandani wiki 3 kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kuwa zile wiki 3 za kulala ziliwashusha zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Lakini walipofanyishwa mazoezi ya kuongezwa taratibu kwa miezi 6, wanaume hao wa miaka 50 waliirudisha pumzi waliyokuwa wameipoteza kwa umri. Kwa hiyo mlango haufungwi, ila mazoezi ya nguvu ya soda, yanayofoka Januari na kutulia Februari, hayamfikishi mtu popote.

Nina nafasi Jumamosi na Jumapili tu. Inafaa?

Inafaa kuliko kukosa kabisa. Watu wanaotimiza dakika zao 150 ndani ya siku 1 au 2 nao hupata kinga nzuri dhidi ya magonjwa ya moyo. Shida ni mbili. Ya kwanza ni kuumia: mwili uliokaa siku 5 kwenye kiti ukipelekwa kwenye mechi ya dakika 90, nyama za paja na kano ya kisigino ndizo zinazolipa. Ya pili ni sukari, kwa sababu tuliyoieleza. Suluhisho ni kuongeza matembezi mawili ya dakika 15 katikati ya wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, hata kama ni kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako.

Kigali hufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili mbili za mwezi ili watu watembee na kukimbia, na Zanzibar vikundi vya mazoezi hukusanyika kila tarehe 1 Januari. Siku kama hizo zina raha yake na huwatoa wengi ndani. Zitumie kupata wenzako wa kufanya nao mazoezi siku za kawaida.

Kazi yangu ni ya kusimama siku nzima. Si mazoezi tosha?

Kusimama peke yake hakutoshi. Kinachohesabika ni pumzi kupanda. Kulima, kubeba ndoo kutoka kisimani, kusukuma mkokoteni, kupanda ngazi na kufua blanketi kwa mkono vyote vinahesabika. Kukaa nyuma ya meza ya duka au juu ya bodaboda hakuhesabiki, hata kama jioni unachoka vibaya. Uchovu wa jua, kelele na foleni hauufunzi moyo kitu.

Ushahidi wa zamani kuhusu hili unatoka kwenye mabasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa kwenye basi lile lile, hewa ile ile. Tofauti ni kwamba dereva alikaa siku nzima na kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara kukata tiketi. Makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Konda wetu wa leo anayening'inia mlangoni hana ngazi za kupanda, kwa hiyo asijihesabu kwenye kundi hilo.

Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, walipopimwa walionekana kufanya zaidi ya saa moja kwa siku ya mwendo wa wastani au mkali katika kuchimba mizizi, kuwinda na kutafuta asali, na hata wazee wao hawakuwa na dalili nyingi za hatari ya moyo.

Sijawahi kufanya mazoezi. Nianze vipi?

Wiki ya 1 na ya 2 tembea dakika 10, siku 5. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15. Kisha ongeza dakika 5 kila baada ya wiki mbili; wiki ya 9 utakuwa umefika dakika 30. Dakika 3 za mwanzo na za mwisho nenda polepole. Ukiumwa au ukichoka kupita kiasi, rudia wiki uliyomo bila kuruka mbele.

Wengi huharibu hapa: siku ya kwanza wanakimbia kilomita 4 kwa hamasa, siku ya tatu hawawezi kushuka ngazi, siku ya tano wameacha. Moyo na pumzi huzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Utajisikia una nguvu ya kukimbia kabla miguu haijawa tayari. Subiri angalau hizo wiki 9, ndipo uchanganye: dakika 1 kukimbia taratibu, dakika 2 kutembea, mara 8.

Ili yawe mazoea, yafunge kwenye jambo ambalo tayari hulikosi: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kupeleka watoto shule, kabla ya kuoga jioni. Usitegemee zile siku 21 zinazotajwa sana. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa tendo jipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine siku 18, wengine zaidi ya 250. Pia ulionyesha kuwa kukosa siku moja hakuharibu kitu.

Misuli nitaijengaje nyumbani bila vifaa?

Kwa kiti imara, ukuta, mkeka na madumu mawili ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 lililojaa ni kilo 5 na ushee. Uzito wa kunyanyua umeshaupata.

Zoezi tunalolipa uzito kuliko yote ni kukaa na kusimama. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, miguu upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo. Kunja mikono kifuani. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya magoti, sukuma sakafu kwa kisigino, simama wima kabisa. Sasa shuka kwa kuhesabu mpaka 3, na makalio yaguse kiti bila kujitupa. Kujitupa ndilo kosa la wengi, maana kushuka polepole ni nusu ya zoezi. Kosa lingine ni magoti kuingia ndani yakikaribia kugusana. Yaelekeze upande wa vidole vya miguu. Anza na mara 8, pumzika dakika 1 na nusu, rudia hadi seti 3. Ukizifanya mara 15 kwa raha, shika dumu kifuani.

Kisha pushapu. Anza ukutani, mikono kwenye kimo cha kifua, mwili umenyooka kama ubao. Ukiweza mara 15 hamia kwenye ukingo wa meza imara, halafu kwenye benchi, mwisho sakafuni. Kwa mgongo, inama kutokea kwenye nyonga, mkono mmoja kwenye kiti, na kwa mkono wa pili vuta dumu hadi ubavuni, mara 10 kila upande. Malizia na daraja: lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga, shikilia sekunde 3, shusha, mara 12.

Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Ukibana pumzi presha hupanda ghafla. Wacha saa 48 kabla ya kurudia misuli ile ile.

Maumivu ya kawaida ni yapi na ya hatari ni yapi?

Misuli kuuma pande zote mbili, kuanzia kesho yake hadi siku ya tatu, ni kawaida. Tembea taratibu yataisha. Maumivu makali ya sehemu moja, kiungo kilichovimba, au goti linalokwama si ya kawaida. Pumzisha, na yasipopungua ndani ya wiki mbili nenda kituo cha afya.

Kisigino kinachochoma hatua za kwanza ukiamka asubuhi ni tatizo la utando wa chini ya unyayo. Huwapata waliotoka kwenye ndala na kuanza kukimbia ghafla, au walioongeza uzito. Nyoosha nyama ya nyuma ya mguu dhidi ya ukuta sekunde 30, mara 3, kutwa mara mbili. Viringisha chupa ya maji ya baridi chini ya unyayo. Huchukua wiki nyingi kupona, usikate tamaa. Mfupa wa mbele wa mguu ukiuma unapokimbia, umeongeza umbali haraka mno. Rudi kwenye kutembea wiki moja au mbili, kisha ongeza kidogo kidogo, isizidi takriban asilimia 10 kwa wiki.

Viatu vya mtumba vinafaa?

Vinafaa ukivikagua. Weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kiache. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ya pembeni, sponji imekufa hata kama juu kinang'aa. Kikunje: kinatakiwa kikunjike penye vidole, siyo katikati ya unyayo. Kikisokotwa kama kitambaa cha kufutia sakafu, hakina msaada. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Raba ya kukimbilia huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800.

Mazoezi yataondoa kitambi?

Yatakipunguza, lakini si kwa kufanya zoezi la tumbo. Mwili hauchagui mafuta ya mahali unapopafanyisha kazi. Kutembea haraka dakika 30 huchoma kati ya kalori 120 na 150 kwa mtu wa kilo 70. Soda ya kawaida ya mililita 300 inarudisha karibu zote. Kwa hiyo uzito unaanzia kwenye sahani na chupa, na mazoezi yanaulinda usirudi. Hata hivyo mafuta yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo ya hatari, hupungua kwa mazoezi hata mizani isiposogea. Jipime kiuno kwa futi kamba ya fundi cherehani kila mwezi.

Kujifunga nailoni tumboni au kuvaa koti zito juani hutoa maji tu. Ukinywa lita moja, kilo imerudi. Na kwenye joto la pwani jambo hilo linaweza kumwangusha mtu.

Nina presha au kisukari. Niruhusiwe?

Mazoezi ni sehemu ya tiba yako, lakini anza kwa kuzungumza na daktari wako. Presha ikisoma 180/110 au zaidi, usianze mpaka ishuke kwa dawa. Mazoezi ya kutembea kwa wiki kadhaa huweza kushusha namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Usiache dawa kwa sababu umeona namba nzuri. Anayepunguza dozi ni daktari.

Kwa kisukari, matembezi ya dakika 10 hadi 15 baada ya mlo hupunguza ule mpando wa sukari wa baada ya kula. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi apime kabla ya kuanza: ikiwa chini ya 5.0 mmol/L ale kwanza gramu 15 za wanga, kwa mfano ndizi mbivu moja ndogo. Abebe sukari au pipi mfukoni. Kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa ni sukari kushuka: simama, kula, pima. Kagua miguu kila ukivua viatu, maana ganzi huficha lengelenge linaloweza kuwa kidonda.

Yeyote akipata maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, kuzimia, au kukosa pumzi kusiko kawaida, aache papo hapo na apelekwe hospitali.

Nikiwa na homa au malaria?

Usifanye. Moyo tayari unakwenda mbio kwa sababu ya homa. Maliza dozi, homa ikikata na ukianza kula vizuri, anza na nusu ya dakika ulizokuwa unafanya, polepole, kwa wiki nzima. Mwenye selimundu afanye mazoezi mepesi kwa vipande vifupi, anywe maji kabla na katikati, akwepe jua na maji baridi, na asijilazimishe maumivu yakianza.

Wakati wa mfungo wa Ramadhani?

Tembea dakika 20 hadi 30 ukikaribia kufuturu, ili maji na chakula viwe karibu, au fanya misuli saa moja au mbili baada ya futari. Wengine huona baada ya tarawehe ndipo panapofaa zaidi. Punguza ukali, usipunguze siku. Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuanza.

Mama mjamzito je?

Ujauzito usio na matatizo hauzuii mazoezi. Lengo ni lile lile la dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea. Baada ya miezi minne asilale chali kwa muda mrefu, na akwepe kuruka na sehemu za kuteleza. Akitokwa na damu au maji, au kizunguzungu kikimpata, aache na aende kliniki. Baada ya upasuaji wa kujifungua, mazoezi mazito yasubiri uchunguzi wa wiki ya 6. Kutembea taratibu huanza mapema zaidi.

Baba ana miaka 72. Si tumwache apumzike?

Mapenzi ya namna hiyo ndiyo yanayowalegeza wazee wetu. Kumletea kila kitu alipo ni kumnyang'anya zoezi. Mwachie ainuke kuchota maji yake mwenyewe.

Mpime kwa kiti: mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa vigezo vya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, mwanaume wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 12, au mwanamke wa umri huo chini ya 10, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka ni kubwa. Afanye zoezi la kiti siku 3 kwa wiki, akianza kwa kushika meza. Kila siku asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 10 hadi 30 kila upande, wakati anapiga mswaki kwa mfano. Na mfundisheni kukaa mkekani na kuinuka: kupiga magoti, mguu mmoja mbele, mkono kwenye kiti, kusimama. Anayeweza kuinuka mwenyewe kutoka chini hatalala sakafuni akisubiri mtu siku atakapoanguka.

Hatua 10,000 kwa siku ni lazima?

Hapana. Namba hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kwa waliovuka miaka 60, faida kubwa hupatikana kwenye hatua 6,000 hadi 8,000. Kwa walio chini ya hapo, 8,000 hadi 10,000.

Nimekatisha miezi miwili kwa safari na msiba. Naanza upya kabisa?

Si kabisa. Nguvu za misuli hudumu kuliko pumzi, na msuli uliowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza. Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia. Wiki mbili hadi nne, rudi kwenye theluthi mbili ya dakika na uzito. Miezi miwili, anza na nusu: kama ulikuwa unatembea dakika 30 na kubeba dumu la lita 10, sasa ni dakika 15 na dumu la lita 5, siku 5 zile zile, saa ile ile. Ongeza dakika 5 kila wiki.